Mshahara wa Muhimbili, Picha za Oysterbay: Uchambuzi wa Kisa cha Edward Saidi Tingatinga

Kati ya mwaka 1968 na 1972, mtu mmoja kutoka Tunduru, aliyekuwa na elimu ya miaka michache ya shule ya misheni na ambaye hakuwahi kuingia chuo chochote cha sanaa, alichora wanyama na ndege kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za kopo, na picha hizo zikauzwa nje ya duka moja la Oysterbay, Dar es Salaam. Katika miaka hiyo isiyozidi minne aliacha mtindo wa uchoraji ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake, na ambao umewapatia riziki mamia ya wachoraji ambao hakuwahi kuwaona. Kisa cha Edward Saidi Tingatinga kimesimuliwa mara nyingi, na karibu kila mara kimesimuliwa kama kisa cha kipaji: kwamba mtu alizaliwa nacho, kikamtoa kwenye ufukara, kikampa jina. Simulizi hiyo si ya uongo, lakini imeacha nje mambo ambayo mtu mwenye familia, kodi ya nyumba na kazi ya kuamkia angependa kuyajua kuliko yote. Picha hizo alizichora saa ngapi? Alinunua kwa fedha gani ubao wa kwanza? Nani alikaa juani kuziuza? Na ilikuwaje wiki ambayo hakuna picha hata moja iliyonunuliwa?

Ninauliza hivyo kwa sababu wahamasishaji wa siku hizi, wanaowaambia vijana waache ajira na kukifuata kipaji, hupenda kuwataja watu kama Tingatinga kuwa ushahidi wao. Ukikitazama kisa chenyewe kwa utulivu, kinasema jambo lililo karibu na kinyume chake.

Alikotoka

Tingatinga alizaliwa miaka ya 1930 katika kijiji cha Namochelia, eneo ambalo leo linajulikana kama Nakapanya, wilayani Tunduru. Mama yake alikuwa Mkristo na baba yake Mwislamu, ndiyo maana akabeba majina Edward na Saidi kwa pamoja. Kusini mwa Tanganyika ya wakati huo kulikuwa na ardhi na watu, lakini fedha taslimu ilikuwa adimu, na mtu aliyedaiwa kodi ya kichwa au aliyetaka shati na baiskeli alikuwa na njia chache. Kubwa kati ya hizo ilikuwa kwenda kwenye mashamba ya mkonge. Maelfu ya vijana wa kusini walikwenda Tanga na Morogoro kukata mkonge, wengine wakiandikishwa kwa mkataba na kuitwa manamba, na Tingatinga naye alipitia huko Tanga kabla ya kufika Dar es Salaam katika nusu ya pili ya miaka ya 1950.

Mjini hakufikia kwa mgeni. Alikuwa na jamaa yake, Salum Mussa, aliyejulikana zaidi kama Mzee Lumumba, ambaye alikuwa mpishi katika nyumba ya Mzungu. Hivyo ndivyo watu walivyopata kazi mjini, kwa ndugu kumshika ndugu mkono, na Tingatinga akapata kazi ya bustani na kazi za nyumbani kwa mtumishi mmoja wa serikali ya kikoloni. Uhuru ulipokuja mwaka 1961, waajiri wa aina hiyo walifunga mizigo yao wakarudi kwao, na kazi ikaishia hapo. Miaka iliyofuata ilikuwa ya vibarua, biashara ndogondogo na kuhangaika huku na huko.

Ni rahisi kuipita miaka hiyo haraka, kana kwamba ilikuwa kungoja tu. Kwa maoni yangu, miaka hiyo ilikuwa mtaji. Mtu aliyefyeka majani na kumwagilia maua katika nyumba za Oysterbay alijua mambo ambayo mchoraji aliyetoka chuoni angehitaji muda mrefu kuyajua: kwamba kule kuna watu wenye fedha ya ziada, kwamba watu hao hukaa miaka miwili au mitatu kisha huondoka, na kwamba anayeondoka hutafuta kitu cha kwenda nacho kwao. Wakoloni walipoondoka, nyumba zilezile zilijaa mabalozi, wataalamu wa misaada na walimu kutoka nchi za Skandinavia na kwingineko. Wapangaji walikuwa wapya, lakini wakati wa kufunga mizigo walikuwa na haja ileile.

Mwaka 1968

Azimio la Arusha lilipitishwa tarehe 5 Februari 1967, na tangu hapo neno kujitegemea lilikuwa redioni, kwenye mabango, katika hotuba za viongozi na madarasani. Kwa serikali lilimaanisha nchi isiyoishi kwa kutegemea fedha za wageni. Kwa mtu wa Msasani asiye na kazi ya uhakika lilikuwa na maana ya karibu zaidi: hakuna atakayekuletea. Sisemi kwamba Tingatinga alichora kwa sababu ya Azimio. Kilichomsukuma kwa karibu zaidi kilikuwa picha za wachoraji kutoka Kongo, zilizokuwa zikitembezwa na kuuzwa Dar es Salaam miaka hiyo. Aliziona, akaona zinanunuliwa, akaamua kwamba hata yeye anaweza. Hapo pana jambo la kushika: hakuanza na picha na kisha kuitafutia mnunuzi. Alianza kwa kuona biashara iliyokwisha kuwapo, akatafuta namna yake mwenyewe ya kuingia.

Namna hiyo aliipata haraka kwa sababu hakuwa na uwezo wa kuwaiga Wakongo hata kama angetaka. Turubai, rangi za mirija na brashi za wasanii zilikuwa ghali, tena za kuagiza. Alichokuwa nacho karibu ni duka la vifaa vya ujenzi. Humo mlikuwa na hadibodi, zile mbao ngumu nyembamba ambazo mafundi huzitumia kwa dari na migongo ya makabati, na mlikuwa na rangi za mafuta za kopo dogo, zile zing'aazo ambazo watu walinunua kupakia baiskeli zao. Nusu nzima ya mtindo wa Tingatinga imo ndani ya vitu hivyo viwili.

Chukua ubao kwanza. Hadibodi huuzwa kwa karatasi nzima ya futi nne kwa futi nane. Ukiigawa kwa futi mbilimbili, unapata miraba minane kamili na hakuna kipande kinachotupwa. Kwa hiyo picha za Tingatinga ni za mraba, takriban sentimita 60 kila upande, na mnyama katika picha hizo hujaza mraba wote: chui aliyeinama shingo ili kichwa kitoshee, tembo ambaye mkonga wake umekunjwa kufuata ukingo, ndege mkubwa juu ya tawi dogo ambalo lisingeweza kumbeba. Wachambuzi wa sanaa wameandika mengi kuhusu mpangilio huo. Mimi naona ndani yake pia hesabu ya mtu ambaye amelipia karatasi nzima na hataki hata inchi moja ipotee.

Rangi nayo ilikuwa na masharti yake. Rangi ya baiskeli ni nzito, inang'aa, na haikubali kuchanganywa taratibu kama rangi za maji. Ukipaka nyekundu juu ya nyeupe iliyo mbichi, zinavurugana. Unapaka mandhari kwa rangi moja, unaacha, unarudi kesho kumpaka mnyama, unaacha tena, kisha ndipo unaweka madoa, macho na mstari mweusi wa kuzungushia umbo. Kwa sababu hiyo picha zake zina rangi bapa, zilizo wazi, zisizo na vivuli, na kila rangi imekaa mahali pake.

Saa za kungoja

Hapa ndipo kiini cha kisa hiki kilipo, na ndipo wasimulizi wengi wanapopita mbio. Katika miaka hiyohiyo ya kuchora, Tingatinga alipata ajira katika Hospitali ya Muhimbili kama mhudumu wa wodi. Ilikuwa kazi ya chini katika ngazi za hospitali, ya usafi na kuwahudumia wagonjwa, lakini ilikuwa na mshahara wa mwezi. Alichora katika muda uliobaki.

Tazama jinsi mambo hayo mawili yalivyokaa pamoja. Rangi ya mafuta inahitaji saa nyingi kukauka kabla ya kupakiwa nyingine juu yake. Kwa mchoraji anayeishi kwa picha peke yake, saa hizo ni hasara, kwani tumbo halingoji rangi ikauke. Kwa mtu anayekwenda kazini asubuhi, saa hizo hazimgharimu kitu. Alipaka mandhari jioni, akalala, akaenda Muhimbili, akarudi akakuta ubao uko tayari kupokea mnyama. Wakati ambao wengine wangeulalamikia kuwa mwajiri anauiba, kwake ulikuwa sehemu ya ufundi. Tena mtu akiwa na vipande vinane vya ubao mmoja, anaweza kuvipanga ukutani vyote na kuvipitia kimoja baada ya kingine, hiki mandhari, kile madoa, kwa namna ambayo saa mbili za jioni zinatosha kusogeza mbele kazi nyingi.

Mshahara ulifanya kazi nyingine ambayo haionekani kwenye picha. Ulimwondolea ulazima wa kuuza leo. Mchuuzi asiye na kitu kingine, saa kumi na moja jioni ikifika hajauza, hushusha bei mpaka chini ya gharama ya ubao wake, na mnunuzi mjanja huijua saa hiyo. Aliye na mshahara mwisho wa mwezi anaweza kuirudisha picha nyumbani. Anaweza pia kujaribu. Kati ya wanyama aliowachora Tingatinga wamo ambao hakuna mtalii angewaagiza, na zimo picha za watu na za maisha ya mtaani. Uhuru wa kuchora kitu ambacho huna hakika kitanunuliwa ni anasa, na hapa anasa hiyo ililipiwa na wodi za Muhimbili.

Hali hii si ngeni katika sanaa zetu. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya uandishi, na Siti binti Saad alitembeza vyungu Unguja kabla sauti yake haijasikika mbali. Ajabu ni kwamba tunawakumbuka kwa kalamu na sauti, kisha tunawashauri watoto wetu kana kwamba ukarani na vyungu vilikuwa aibu iliyobidi kuepukwa.

Aliyekaa na bidhaa

Mtu aliye wodini mchana hawezi kuwa Oysterbay mchana huohuo. Picha ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, duka ambalo wageni wengi wa eneo hilo walikuwa wakinunulia mahitaji yao, na mauzo hayo yalikuwa mikononi mwa mkewe, Agatha Mataka. Sanaa ya Tingatinga, basi, ilikuwa tangu mwanzo mradi wa nyumba nzima. Mmoja alichora, mwingine akakaa na bidhaa, akataja bei, akabishana na wanunuzi, akarudi na habari za kilichotazamwa na kilichopitwa.

Habari hizo zina thamani kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mchoraji anayeuza kupitia dalali hupokea fedha tu, na wakati mwingine hata hiyo hucheleweshwa. Anayeuza kupitia mke wake husikia jioni hiyohiyo kwamba mama fulani wa ubalozini alitaka chui lakini akasema ni mkubwa mno kwa sanduku lake. Nadhani kisa hiki kimemtendea Agatha Mataka isivyo haki. Majina ya wanafunzi wa Tingatinga yameandikwa katika vitabu na katalogi, lakini yeye hutajwa kwa mstari mmoja au hatajwi kabisa, ilhali bila mtu wa kukaa pale dukani, kazi ya hospitali na kazi ya uchoraji zisingeweza kubebwa na mtu mmoja.

Kuongeza mikono

Picha zilipoanza kupendwa, jioni hazikutosha tena. Wengi katika hali hiyo hufikia njia panda ya kuchagua kati ya kuacha kazi na kukataa wateja. Tingatinga alishika njia ya tatu, ile aliyoifahamu tangu alipopokewa na Mzee Lumumba: aliwaita ndugu. Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Kasper Tedo na Simon Mpata, wengi wao jamaa au watu wa kwao kusini, walikaa naye wakajifunza. Hapakuwa na ada wala cheti. Mwanagenzi alianza na mandhari, kazi isiyoweza kuharibika sana, akapewa madoa, mwishowe akapewa mnyama mzima.

Utaratibu huo ulikuwa na faida iliyo dhahiri ya kuongeza idadi ya picha, na ulikuwa na faida nyingine ambayo haikuonekana hadi baadaye: ujuzi ulitoka kichwani mwa mtu mmoja ukaingia katika mikono kumi. Ulikuwa na kasoro pia. Picha ambayo mandhari ni ya huyu na madoa ni ya yule, na chini yake kuna jina la mwalimu, ni ya nani? Wakiwa pamoja chini ya mti mmoja, wakila chungu kimoja, swali hilo halikuumiza mtu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alipatikana mnunuzi mkubwa. Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, kupitia kitengo chake cha National Arts of Tanzania, lilianza kuchukua picha za Tingatinga na kuziuza. Kwa mtu aliyezoea kuuza kimojakimoja nje ya duka, mnunuzi wa aina hiyo ni baraka, na pia ilikuwa heshima kwa shirika la umma la nchi inayohubiri kujitegemea kumtambua fundi aliyejitegemea kwelikweli. Hata hivyo, mkataba ulikuwa naye yeye, si na kikundi. Kila kitu sasa kilipita kwenye jina moja, na jina hilo lilikuwa la mtu mwenye mwili unaoweza kufa.

Usiku wa 1972

Mwaka 1972, Tingatinga akiwa ndani ya gari na wenzake usiku jijini Dar es Salaam, polisi walilifyatulia risasi gari hilo wakidhani ni la wahalifu wanaotoroka. Alipigwa risasi akafariki. Aliacha mjane na watoto wadogo.

Kwa upande wa familia, hasara ilikuwa ya namna mbili. Mwenye mkono alikuwa ameondoka, na pamoja naye ukaondoka uhusiano na NDC. Hakukuwa na hati inayosema nani anaweza kutumia jina lake, wala nani atapata nini kutokana na picha zitakazochorwa kwa mtindo wake. Kwa haki, hakuna fundi wa Msasani wa wakati ule ambaye angefikiria hati kama hiyo. Lakini matokeo yake ni kwamba picha zilizosainiwa E. S. Tingatinga zimekuwa na thamani kubwa katika minada ya ng'ambo, kiasi cha kuwashawishi waghushi, na fedha hizo zinazunguka kati ya watu ambao hawajawahi kuifika Tunduru.

Kwa upande wa wanafunzi, kilichotokea ni tofauti. Walikuwa na ujuzi, walikuwa na mahali, na walikuwa na wateja wanaojua njia ya kufika. Waliendelea kuchora Oysterbay chini ya mti, wakawafundisha jamaa zao, nao wakafundisha wengine. Omari Amonde na kizazi kilichofuata wakaingiza samaki, vijiji vizima, hospitali, harusi na mashetani. Simon Mpata alihamia Nairobi, akajulikana sana Japani, na baada ya kifo chake mwaka 1984 jina lake likapewa hoteli iliyojengwa juu ya ukingo wa Maasai Mara.

Kubaki kwao mjini hakukuwa jambo dogo. Dar es Salaam ya miaka ya 1970 na 1980 haikuwapenda watu wasio na kazi inayotambulika. Mwaka 1976 kulikuwa na Operesheni Kila Mtu Afanye Kazi, na mwaka 1983 ikapitishwa Sheria ya Nguvukazi, ambayo iliwafanya watu wengi waliojiajiri kukimbizana na mgambo na kutishiwa kurudishwa vijijini. Mtu anayekaa chini ya mti na kopo la rangi alihitaji jibu la haraka anapoulizwa anafanya kazi gani na wapi. Tingatinga angejibu: Muhimbili. Wanafunzi wake walihitaji jibu lao, na kwa muda wakalitafuta katika ubia wao wenyewe, mpaka mwaka 1990 walipokisajili Chama cha Ushirika cha Sanaa za Tingatinga. Kwa msaada wa shirika la Uswisi la Helvetas, walipata jengo la kufanyia kazi karibu na pale walipokuwa wakikaa zamani.

Naona ushirika huo ulichukua mahali pa mshahara wa hospitali. Ulifanya kile ambacho ajira ilimfanyia mwasisi: ulimpa mchoraji anwani, ulimpa ulinzi kidogo dhidi ya wiki mbaya, na ulimwezesha kununua rangi na mbao pamoja na wenzake. Wanaoutazama mtindo huu kama kazi ya wasanii huru husahau kwamba katika zaidi ya nusu karne karibu hakuna kipindi ambacho mchoraji wa Tingatinga alisimama peke yake bila taasisi fulani nyuma yake, iwe hospitali, nyumba yenye watu wawili wanaofanya kazi, shirika la umma au ushirika.

Gharama ya mafanikio

Haitakuwa uchambuzi wa haki nikimaliza kwa sifa tupu. Kitu kilekile kilichoufanya mtindo huu ufundishike kwa urahisi ndicho kilichoufanya urudiwe hadi kuchosha. Mtu anayetembea leo kati ya maduka ya vinyago, kuanzia Dar es Salaam hadi Mji Mkongwe na Arusha, ataona twiga yuleyule mbele ya jua lilelile la machungwa mara nyingi mno. Hadibodi imeiachia nafasi turubai kwa sababu turubai hukunjwa ikaingia kwenye begi la ndege, na kwa hiyo hata umbo la mraba, lililozaliwa na karatasi ya futi nne kwa nane, limepoteza sababu yake na limebaki kuwa mazoea tu kwa baadhi yao. Picha huchorwa kulingana na sanduku la mtalii. Tingatinga mwenyewe aliwauzia wageni tangu siku ya kwanza, kwa hiyo siwezi kusema kwamba soko ndilo lililoharibu. Ila yeye alikuwa na mshahara uliomruhusu kuchora kitu kisichouzika, na mchoraji wa leo aliyeacha kila kitu ili achore, mwenye kodi ya banda na watoto shuleni, mara nyingi hana ruhusa hiyo. Ana muda mwingi wa kuchora kuliko mwasisi, na uhuru mdogo zaidi wa kuchagua cha kuchora.

Kuhusu sheria, hali haijamsaidia sana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda picha, yaani ubao huu wenye chui huyu, lakini mtindo haulindwi na hakimiliki popote. Yeyote duniani anaweza kuchora ndege mwenye madoa juu ya mandhari ya rangi moja. Kinachoweza kulindwa ni jina, kwa njia ya alama ya biashara, na kwa makubaliano yaliyoandikwa kati ya wanaolitumia. Jina lilikuwa limeenea kabla ya mtu yeyote kufikiria kulisajili, na katuni ya watoto iliyotengenezwa Nairobi na kuonyeshwa Uingereza mwaka 2010 ilikwenda nalo hadi kwenye sebule ambazo hakuna aliyewahi kusikia kuhusu Nakapanya.

Kwa fundi wa leo anayeshona, anayechonga, anayepiga picha au anayeandika baada ya saa za kazi, hilo linamaanisha kazi ndogo ya kufanywa mapema, wakati mambo bado ni madogo na ndugu bado wanakula pamoja: karatasi moja inayosema nani alifanya nini, jina linalotumika ni la nani, na mgawo utakuwaje ikiwa mmoja ataondoka au atafariki. Pale Oysterbay wachoraji walilijibu kwa vitendo sehemu ya swali hilo. Kila mmoja husaini jina lake mwenyewe kwenye kona ya picha, ingawa mnunuzi akifika bado huuliza bei ya Tingatinga.